Jembe, Panga na Mwiba wa Ngege: Kutunza Majeraha Madogo ya Kazini

Oyawore kwenu nyote mlio kando ya ziwa, kuanzia Muhuru na Sori hadi Sindo, Mbita na Homa Bay mjini. Salamu pia kwenu mlio Kehancha, Isebania, Rongo na Awendo. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo nataka tuzungumze juu ya majeraha madogo, yale tunayoyapata tukifanya kazi zetu za mikono za kila siku.

Huenda mama mmoja anasema huko nyumbani, leo sista amekosa la kusema. Kukatwa na kisu ni jambo la kuleta kwenye redio? Ukikatwa si unafunga kitambaa na kuendelea na kazi! Ni kweli, majeraha mengi madogo hupona bila shida. Mwili una nguvu zake. Lakini wale wanaoletwa kwetu kwa pikipiki, mguu umevimba kama gogo au mkono hauwezi kushika kikombe, ukiwauliza ilianza namna gani, jibu karibu ni lile lile: "Sista, kilikuwa kitu kidogo tu."

Tuangalie kazi zetu. Mama wa omena yuko ufukweni tangu alfajiri, anaanika samaki juu ya neti, anachambua mawe na uchafu, na mara nyingi hana viatu. Hapo mchangani kuna vipande vya chupa, makombe na ndoana zilizotupwa. Anayepasua ngege anajua vile miba ya mgongoni inavyochoma, na mfuniko wa shavu la mbuta unakata kama wembe. Kule Awendo mkata miwa hukatwa na majani ya muwa kabla hata hajashika panga vizuri, na panga nalo likiteleza linatua kwenye muundi wa mguu. Nyatike, kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder, Osiri na Masara, akina mama wanaponda mawe kwa nyundo na vidole ndivyo vinavyolipa. Na wengi wetu tuna shamba. Msimu wa kupalilia jembe linakata kidole cha mguu, au mtu anakanyaga kisiki cha bua la mtama lililovunwa mwaka jana.

Nimetaja kazi hizi kwa majina kwa sababu uchafu unaoingia katika jeraha unategemea mahali ulipoumia. Jeraha la jikoni kwa kisu kilichooshwa si sawa na jeraha la jembe lililotoka kwenye udongo wenye samadi. Na mwiba wa samaki haufanani na hayo mawili, kwa sababu tundu lake ni dogo sana lakini linaenda chini, linajifunga juu, na uchafu unabaki ndani umefungiwa kama kuku ndani ya tenga. Jeraha la kuchomwa ndilo ninaloliogopa kuliko lililopasuka wazi, ingawa watu hufikiri kinyume.

Sasa umeumia. Ufanye nini?

Damu kwanza. Chukua kitambaa kilicho safi kuliko vyote ulivyo navyo, weka juu ya jeraha, na ukandamize kwa kiganja cha mkono. Kandamiza bila kuachia kwa dakika 10. Watu hukosea hapa. Wanakandamiza kidogo, wanafunua kuangalia, damu inaanza tena, wanakandamiza tena. Kila ukifunua unaondoa ule utando wa damu ulioanza kuziba. Kama huna saa, sikiliza redio. Nyimbo tatu zikiisha, dakika 10 zimefika au zimekaribia. Kama ni mkono au mguu, uinue uwe juu kuliko kifua. Damu ikipenya kitambaa, ongeza kingine juu yake, usiondoe cha kwanza. Usifunge kamba au kipande cha mpira juu ya mkono kwa nguvu kwa sababu ya jeraha dogo, maana unaweza kuzuia damu isifike vidoleni. Na kama ni mkono ulioumia, vua pete na bangili mapema kabla mkono haujavimba. Nimeona pete ikikatwa kwa msumeno.

Kama unamsaidia mtu mwingine, mwanao, jirani au mwenzako wa ufukweni, usiguse damu yake kwa mkono mtupu, hasa kama mikono yako ina mipasuko. Si kumdharau mtu. Kaunti zetu hizi mbili ni kati ya zile zilizoathirika zaidi na virusi vya UKIMWI katika Kenya, na kuna pia homa ya ini inayopitia kwenye damu. Kama huna glavu, tumia karatasi safi ya mkate. Mifuko ya nailoni ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini karatasi ya mkate bado iko katika kila nyumba, na inavaliwa mkononi vizuri sana. Mpe pia aliyeumia kitambaa ajikandamize mwenyewe kama anaweza. Damu ya mtu mwingine ikiingia kwenye kidonda chako, osha kwa maji na sabuni, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kuna dawa za kuzuia virusi, zinazoitwa PEP, ambazo lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita na zinamezwa kwa siku 28. Kadiri unavyozianza mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Ukingoja mpaka wiki ijayo hazitakusaidia.

Damu ikisimama, sasa osha. Wasikilizaji, mkisahau mengine yote ya leo, basi shikeni hili la kuosha, kwa maana hakuna dawa ya dukani inayoshinda maji mengi safi. Osha mikono yako kwanza kwa sabuni. Halafu mimina maji juu ya jeraha, maji yanayotiririka, si kuchovya mguu katika beseni. Ukichovya, uchafu unatoka katika jeraha na kuogelea pale pale. Kibuyu chirizi, kile kijerikeni tunachoning'iniza karibu na choo, kinafaa kabisa. Au toboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa ya maji, ukamue chupa maji yaruke kwa nguvu. Endelea kwa dakika 5 mpaka 10, hata zaidi kama kulikuwa na udongo. Sabuni ya kipande ya kawaida osha nayo ngozi inayozunguka jeraha. Ukiona chembe ya mchanga au mawe juu juu, itoe kwa kitambaa safi kilicholowa. Kitu kilichozama ndani, kama ndoana yenye meno au kipande cha chupa, usikivute. Kifunge hivyo kilivyo, uje nacho.

Maji gani? Maji ambayo ungempa mtoto wako anywe, ndiyo hayo ya kuoshea jeraha. Yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya klorini, au ya mfereji safi. Maji ya ziwa hapana. Najua ziwa liko mita kumi kutoka pale ulipoumia, na najua tangu utotoni tumezoea kukimbia na kutumbukiza mguu majini. Lakini maji ya ukingoni yana uchafu wa watu na mifugo, na yana kichocho. Kile kijidudu cha kichocho kinachotoka kwenye konokono hakihitaji hata jeraha, kinapenya ngozi nzima kwa dakika chache tu. Kwa hiyo unakwenda kuosha jeraha la kidole na kurudi na ugonjwa wa kibofu au tumbo. Ushauri wangu kwa vikundi vya akina mama wa ufukweni ni huu: kila kikundi kiwe na jerikeni moja la maji yaliyotibiwa, lisilotumika kwa kitu kingine, likae kivulini karibu na neti za kuanikia. Lita 5 zinatosha. Ni gharama ndogo kuliko nauli ya pikipiki moja ya kwenda hospitali.

Baada ya kuosha, kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, usisugue. Funika. Kuna imani kwamba kidonda kinataka upepo na jua ili kikauke haraka. Siyo hivyo. Kidonda kilichofunikwa na chenye unyevu kidogo hupona vizuri zaidi, na nzi hawatui juu yake. Unaweza kupaka mafuta ya kujipaka ya kawaida, yale ya mgando, safu nyembamba, ili kitambaa kisigande. Lakini yawe kwenye chupa mpya au chupa ndogo ya kidonda peke yake. Ile chupa ya familia ambayo watoto wote wameingiza vidole, iacheni.

Wengine watasema sista anazungumza juu ya bendeji, bendeji tutatoa wapi? Leso ya zamani ya pamba inatosha. Ikate vipande, fua kwa sabuni, chemsha kwenye sufuria kwa dakika 20, anika juani kwenye kamba, si juu ya nyasi, piga pasi kama unayo, kisha hifadhi ndani ya mkebe wenye kifuniko. Hiyo ni bendeji ya nyumba nzima kwa miezi. Badilisha kila siku, na kila mara inapolowa au kuchafuka. Ikigandia kwenye kidonda, ilowanishe kwa maji safi mpaka iachie yenyewe.

Na sasa nizungumze na wewe ambaye kesho asubuhi utarudi kazini. Ningeweza kukuambia upumzike siku tatu, lakini nitakuwa nasema maneno ya bure, kwa sababu omena haingoji na mwenye shamba la miwa hangoji. Basi fanya hivi. Funga jeraha kwa kitambaa safi. Juu yake vaa glavu ya mpira, au karatasi ya mkate, wakati wa kazi tu. Chukua kitambaa cha pili safi kwenye mfuko. Ukimaliza kazi, vua ile glavu maana ndani kuna jasho, osha jeraha upya, kausha, funga kile kitambaa cha pili. Kama jeraha ni la mguu, vaa gambuti au hata akala na soksi, lakini usiende miguu mitupu. Na kwa siku hizo za kwanza badilishana kazi na mwenzako: yeye apasue samaki, wewe upime na kuuza. Hata katika kikundi cha kukata miwa, kuna wanaokata na kuna wanaopanga.

Kwenu akina mama wa machimboni nina neno la ziada. Zebaki, ile dawa ya kung'aa ya kukamatia dhahabu, msiikoroge kwa mkono wenye mipasuko. Kwa kweli msiikoroge kwa mkono mtupu kabisa. Ubaya wake mkubwa uko katika moshi wake inapochomwa, na moshi huo hauna rangi ya kukutisha. Unaharibu neva, figo, na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kama una mimba au unanyonyesha, kaa mbali na mahali inapochomwa, na isichomwe jikoni wala ndani ya nyumba wanakolala watoto, hata kama ni ya thamani ya gramu moja. Na unapoponda mawe, funga kitu machoni. Kipande cha jiwe kikiingia jichoni, mimina maji safi, usisugue. Kikiwa kimechoma jicho lenyewe, funika bila kukandamiza na uende hospitali.

Tuje kwa vitu tunavyopaka. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Nimefungua vitambaa nikakuta mafuta ya taa, majivu, ugoro, majani yaliyotafunwa, majani ya chai, na kinyesi cha ng'ombe. Nimekuta pia ile kapsuli ya rangi mbili iliyofunguliwa na unga wake kumwagwa juu ya kidonda. Mafuta ya taa yanaunguza nyama. Majani yaliyotafunwa yana vijidudu vya mdomo wa aliyeyatafuna. Unga wa kapsuli unafanya gamba gumu, usaha unabaki chini yake, na mgonjwa anafikiri amepona kwa sababu juu pamekauka. Kapsuli ilitengenezwa imezwe, na imezwe kwa maelekezo ya daktari. Wala msinunue amoksilini mbili mbili dukani kila mkikwaruzwa. Jeraha safi halihitaji dawa hiyo, na vijidudu vikiizoea, siku mtoto atakapougua nimonia haitamsaidia.

Spiriti je? Spiriti safisha nayo mkono na mkasi. Ndani ya jeraha inachoma na kuua hata nyama nzima inayotaka kupona. Maumivu si ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Maji ya chumvi hayana ubaya, kama maji yamechemshwa na chumvi ni kijiko kidogo kimoja kwa lita, lakini maji matupu yaliyo safi yanafanya kazi hiyo hiyo.

Kinyesi cha ng'ombe nimekiweka mwisho makusudi. Katika udongo na katika mavi ya wanyama kuna mbegu za kijidudu cha pepopunda. Mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini miaka mingi, jua haliziui, na hata kuchemsha kwa kawaida kunaweza kusiziue. Zikiingia katika jeraha, hasa lile la kuchomwa ambalo hewa haifiki ndani, zinaamka na kutoa sumu. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21, mara nyingi kama wiki moja hivi. Kwa hiyo kidonda chenyewe kinaweza kuwa kimefunga na kusahaulika.

Nakumbuka baba mmoja mkata miwa, wa umri wa miaka hamsini na kitu. Panga lilimkwaruza mguu, jeraha lisilofika hata urefu wa kidole. Mtu akampaka kinyesi na majivu, damu ikasimama, akaendelea na kazi. Siku ya tisa akawa hawezi kufungua mdomo ale ugali. Nyumbani walifikiri ni jino. Siku ya kumi mgongo ukaanza kujipinda, na mlango ukigongwa mwili wote unakakamaa kama ubao, na akili yake ni timamu, anasikia yote. Alilazwa zaidi ya mwezi. Alipona, lakini wengi hawaponi. Mke wake alilala kando ya kitanda muda wote huo, kuku na mbuzi wakauzwa, na watoto wawili wa sekondari wakakaa nyumbani muhula mzima. Nilipomuuliza mama yule kama mumewe alikuwa amewahi kuchanjwa pepopunda, alishangaa. Aliniambia, "Sista, hiyo si sindano ya wajawazito?"

Swali lake lilikuwa la maana sana. Watoto wetu hupata kinga ya pepopunda ndani ya chanjo ya wiki 6, 10 na 14. Akina mama huipata tena kwenye kliniki ya wajawazito. Siku hizi inaitwa Td, kwa kuwa ndani yake kuna kinga ya pepopunda na ya dondakoo. Kazi hiyo imezaa matunda: mwaka 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imeondoa pepopunda ya wajawazito na watoto wachanga kama tatizo la afya ya umma. Lakini mwanamume je? Baada ya utoto hakuna kliniki inayomwita. Na wazee wetu wengi walizaliwa kabla chanjo za watoto hazijaenea vijijini, hawakupata hata ile ya kwanza. Kwa hiyo anayeshika panga na nyundo kila siku ndiye asiye na kinga. Jambo hili lilijitokeza pia kwenye mpango wa tohara ya hiari ya wanaume, ambao hapa Nyanza ulianza mwaka 2008. Visa vya pepopunda baada ya tohara vilipoonekana katika nchi kadhaa za Afrika, Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu mwaka 2015 na tena 2016, na likashauri chanjo ya pepopunda iunganishwe na huduma hiyo.

Basi mama, mwambie baba watoto. Mwambie pia kijana wako mkubwa, na mzee wako. Aliyechanjwa kikamilifu anahitaji kuongezewa kila baada ya miaka 10, na akipata jeraha chafu baada ya miaka 5 tangu sindano ya mwisho, aongezewe. Ambaye hakuwahi kuchanjwa ataanza moja: ya kwanza leo, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6. Kuna pia zile za nne na tano baada ya mwaka mmoja mmoja. Sindano ya kwanza peke yake haitoshi kumkinga, kwa hiyo asingoje mpaka siku ya kuumia. Mwenye jeraha chafu asiye na chanjo anaweza kuhitaji sindano nyingine ya kinga ya papo hapo, ambayo si kila zahanati inayo, kwa hiyo asipoteze muda.

Kitovu cha mtoto mchanga nacho ni kidonda, wasikilizaji, hata kama si cha kazini. Mikono ile ile iliyopalilia ndiyo inayomwogesha. Wembe uwe mpya, uzi uwe safi, na kisipakwe mate, majivu wala kinyesi. Muuguzi akikupa dawa ya kitovu, ile ya klorheksidini, paka kwenye kitovu tu. Isikaribie macho ya mtoto kabisa, na usiiweke pamoja na dawa za macho.

Nimeombwa nieleze jinsi ya kujua kwamba kidonda kimeingiwa na vijidudu. Vitabu husema angalia wekundu. Lakini ngozi yetu ni nyeusi, wekundu hauonekani upesi. Wewe angalia ngozi iliyovutika na kung'aa, au iliyozidi weusi kuliko upande wa pili. Weka mgongo wa kiganja chako: pana joto kuliko mguu mwingine? Maumivu yanapaswa kupungua kila siku. Yakianza kuongezeka siku ya pili au ya tatu, hiyo ni ishara. Usaha na harufu, kila mtu anajua. Chukua kalamu, chora mstari kuzunguka uvimbe jioni. Asubuhi uvimbe ukiwa umevuka mstari, usisubiri mchana. Ukiona mchirizi unaopanda mguuni au mkononi, au uvimbe kwenye kinena au kwapa, au homa, nenda siku hiyo hiyo hata kama ni Jumapili.

Kuna watu ambao hawapaswi kungoja hata dalili hizo. Mwenye kisukari anaweza kukanyaga msumari asisikie, kwa hiyo aangalie nyayo zake kila jioni, au mjukuu amwangalizie. Na mtoto wa selimundu, na hapa kwetu wako wengi, akipata jeraha na kisha homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mama mmoja wa Ndhiwa alituma ujumbe akiuliza kama mtoto wake wa selimundu mwenye kidonda juu ya kifundo cha mguu aendelee kwenda kuchota maji. La, mama. Kidonda hicho kinachelewa sana kupona kwa sababu damu haifiki vizuri pale. Asibebe jerikeni, ainue mguu anapokaa, na kidonda kikaonwe kliniki.

Msikilizaji mwingine kutoka Karungu anauliza: jeraha lililo wazi lishonwe au lisishonwe? Kama limefunguka midomo, au unaona mafuta meupe ndani, au liko usoni au juu ya kiungo, au kidole hakikunjiki au kimekufa ganzi, njoo mapema, vizuri kabla ya saa 6 kupita. Ukija siku ya tatu, mara nyingi tutaliacha wazi, kwa maana kushona jeraha chafu ni kufungia uchafu ndani. Si kwamba tumekataa kukuhudumia.

Wa Rongo anauliza juu ya asali, kwamba nyanya yake huipaka. Asali inayotumika hospitalini kwa vidonda husafishwa kwanza kwa njia maalumu. Ile ya chupa ya barabarani hujui imechanganywa na nini. Nyanya tumheshimu, lakini tuoshe kwa maji kwanza, na mimi ningependelea mafuta ya mgando.

Swali la mbwa nitalijibu upesi. Akikuuma, au akimkwaruza mtoto, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usifunge kwa nguvu, na usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Na la mwisho limetoka kwa mama wa Kuria, anasema mumewe amekubali kuchanjwa lakini anaona aibu kupanga foleni na wajawazito. Mama, mwambie aje mchana foleni ikipungua, au amwone kwanza yule mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea boma lenu, amsindikize. Td iko katika friji ile ile ya chanjo za watoto kwenye kliniki ya mama na mtoto. Aulize siku ya kuchanja, kwa sababu zahanati nyingine hufungua chupa siku maalumu za wiki. Apewe kadi yenye tarehe, na kadi hiyo ikae pamoja na kadi za watoto, isiachwe ndani ya mfuko wa suruali ya kazi.

Muda wetu umekwisha. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuunguzwa na uji na chai moto, na nitaeleza kwa nini dawa ya meno haifai kupakwa. Kwaherini.